Maji ya Viazi na Ng'ombe wa Mzee Kariuki

Nyinyi vijana mnaovaa aproni nyeupe na kofia za karatasi, njooni mkae kidogo. Nilipika katika jiko la hospitali ya misheni nje ya mji wa Nyeri tangu nikiwa na nywele nyingi hadi nikabaki na hizi chache, na siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani, kana kwamba mpishi hajui saa ya chakula. Sina la kuwafundisha kuhusu mashine zenu za kukatia vitunguu. Lakini kuhusu maji ya viazi nina maneno, na sitainuka hapa kabla sijayamaliza.

Kwanza mjue kwamba mpishi wa hospitali hasifiwi. Mgonjwa akipona, anamshukuru Mungu na daktari. Akikosa hamu ya kula, kosa ni la mpishi. Mimi nilikuwa mwanamume jikoni, miaka ya tisini, kwetu huku mlimani, na wanawake wa sokoni walikuwa wakiniuliza kama mke wangu ndiye anayechimba mitaro na mimi ndiye ninayesuka nywele. Niliwajibu kwamba yeye anachimba na kusuka pia, mimi nimepewa kuosha sufuria tu. Tulicheka, wakaniongezea vitunguu viwili vitatu juu ya kilo. Kazi ilikuwa tamu, msidanganywe na wanaolalamika.

Aliyenifungua macho alikuwa Madam Wangeci, afisa wetu wa lishe. Alikuwa mdogo wangu kwa umri, mfupi, mwenye haraka, na viatu vyake ungevisikia akiwa bado wodi ya wanaume, ukapata nafasi ya kufunika ulichotaka kufunika. Mfukoni alibeba kijiko chake mwenyewe, akaonja kila kitu bila kuomba ruhusa. Siku yake ya kwanza jikoni alinikuta nimechemsha viazi vya chakula cha mchana, namwaga maji kwenye mtaro kwa raha zangu.

"Mpishi, hiyo ni nini umemwaga?"

"Maji tu, Madam."

"Yako na nini ndani?"

Nikachungulia mtaroni kama mtu aliyeangusha funguo. Sikuona kitu.

"Iko na potasiamu," akasema. "Umepatia mtaro potasiamu, mgonjwa umemwachia wanga."

Basi akaegemea meza akanieleza, na nilivyoelewa siku ile ndivyo ninavyowaeleza leo. Potasiamu ni madini. Misuli haikazi wala kulegea vizuri bila hayo, na moyo nao ni msuli. Chumvi ikizidi mwilini inapandisha presha, na potasiamu ndiyo inayosaidia kuituliza. Huhitaji kuinunua kwenye chupa. Imejaa mashambani kwetu: kwenye viazi, nduma ambazo wengine huziita magimbi, viazi vitamu, maharagwe, ndizi za kupika na za kuiva, majani ya malenge, mchicha wa terere, parachichi, na hata maziwa. Watu wa huku wanalala juu ya mali na hawajui. Ila ina tabia moja mbaya. Ukimenya kiazi, ukakikatakata na kukichemsha kwenye maji mengi, inatoka na kukimbilia kwenye maji. Ukimwaga maji, umeimwaga pia.

"Na ndizi?" nikamuuliza, kwa sababu nilikuwa nimesikia wauguzi wakisema ndizi, ndizi.

"Ndizi imesifiwa sana," akasema Madam. "Nduma haina mtu wa kuisemea, ndiyo sababu."

Tangu siku ile nikawa wakili wa nduma. Viazi nikavichemsha na maganda yake, maji kiasi cha kufunika tu. Nilipomenya, basi maji yale niliyakinga kwenye bakuli, nikayarudisha wakati wa kuponda mukimo, ule mseto wetu wa viazi, mahindi na majani ya malenge. Nikajaribu kwa siku chache, wagonjwa wakauliza kama nimeongeza siagi. Sikuwa nimeongeza kitu. Ladha nayo huwa inakimbilia kwenye maji, na hilo ndilo liliniuma zaidi, maana nilikuwa nimemwaga utamu wangu mwenyewe miaka yote hiyo.

Sasa niwaambie habari za Mzee Kariuki.

Alikuwa mkulima wa kahawa kutoka upande wa Gakindu, kule Mukurweini, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi. Alikuwa anameza dawa za presha, zile za kumfanya mtu aende haja ndogo kila wakati ili maji yapungue mwilini. Dawa ilifanya kazi yake, lakini dawa za aina ile huondoka na potasiamu pia. Wakamleta kwetu akiwa hawezi kupanda ngazi mbili za mlango wa wodi. Miguu ilikuwa imelegea, usiku mashavu ya miguu yanamkaza, na moyo unaruka mapigo. Daktari akapima damu, akasema potasiamu iko chini sana, akaanza kumrudishia kwa dawa. Madam Wangeci akanikabidhi sahani yake niwe nampikia kwa uangalifu.

Siku ya kwanza nilimpelekea ndizi mbivu na mukimo.

"Ati ndizi?" akasema. "Hii ni chakula ya watoto. Mimi nataka mkate na strungi."

"Mzee, mkate na chai kavu haitakupatia miguu."

"Kijana, mimi niko na miguu mbili, na zote zimekataa kunisikiza. Ndizi itaziambia nini?"

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo sista wa wodi alikuwa amelikataza, na ndipo akaniambia kilichokuwa kinamsumbua. Binti yake wa pekee, Wairimu, alikuwa anaolewa msimu wa kahawa ukiisha. Yeye na marehemu mkewe walikwenda kanisani kufunga ndoa kwa miguu, kutoka nyumbani hadi juu ya kilima, watu wakiimba nyuma yao. Mke alipokuwa mgonjwa, alimwomba ampeleke Wairimu kwa njia ileile, kwa miguu, na Kariuki alikubali. Sasa watu walikuwa wanamshauri akodi gari. Wengine walisema kaka wa marehemu amshike mkono bibi harusi, yeye abaki amekaa.

"Nikikaa siku hiyo," akasema, "nitakuwa nimekaa milele."

Nikamwambia ale ndizi. Akala, akiitazama kama adui.

Kitanda cha pili palikuwa na Bwana Abdi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, mtu wa kununua mbuzi Doldol na kuwateremsha hadi Sagana. Mcheshi, mpole, ndevu zimechanwa vizuri hata kitandani. Figo zake zilikuwa zimechoka. Hapa ndipo ninawaomba mnisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote. Figo ndizo zinazotoa potasiamu iliyozidi. Zikichoka, potasiamu inajaa kwenye damu, na ikijaa inaweza kusimamisha moyo. Chakula kilichokuwa kinamwinua Kariuki kingemwangusha Abdi. Kwa hiyo msijifanye madaktari wa vijiji kwa kugawia kila mtu ndizi na nduma. Mtu wa presha, mtu wa sukari, mtu wa figo, mtu anayemeza dawa za kila siku, huyo aulize hospitali kwanza.

Kwa Abdi, Madam Wangeci aliniamuru nimenye viazi, nivikate vidogo, nivichemshe kwenye maji mengi na kuyamwaga yote. Nilinung'unika. Nilikuwa nimehubiria jiko zima kwamba maji hayamwagwi, na sasa wasaidizi wangu waliniona nikimwaga na macho yao yakacheka.

Jumapili ikafika, saa ya wageni. Wairimu akaja na kiondo kimejaa nduma zilizochemshwa na ndizi mbivu chane nzima. Mnajua desturi yetu. Hakuna mtu wa huku anayefungua kiondo wodini akala huku jirani anamwangalia. Kariuki akamega nduma kubwa, akamnyooshea Abdi kwa mikono miwili. Abdi naye ni mtu wa adabu, hakuweza kukataa chakula cha mzee. Akaipokea. Nilikuwa mlangoni na kigari cha chai, nikasikia vile viatu vikija mbio.

"Bwana Abdi, weka chini. Tafadhali, weka chini."

Nduma ilikuwa karibu na ndevu. Abdi akaiweka. Kariuki akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Madam, sasa unataka nikule peke yangu kama fisi?"

Madam akawaeleza wote wawili, polepole, bila kumpandishia mtu sauti. Kariuki akainamisha kichwa. Akasema hataki tena nduma, kwa sababu chakula usichoweza kumpa mwenzako hakishuki. Na alimaanisha. Jioni ile alirudisha sahani yangu kama ilivyokwenda, na kesho yake pia. Mimi na Madam tukatazamana. Mtu anahitaji potasiamu, amezungukwa nayo, na heshima inamzuia kuila.

Aliyetutoa kwenye shimo hilo alikuwa Abdi mwenyewe. Jamaa zake wa Nanyuki walikuwa wamemletea tende, na tende nazo kwake zilikuwa marufuku, maana zimejaa madini yaleyale. Akaniita.

"Mpishi, yale maji unamwaga ya viazi zangu, yanaenda wapi?"

"Mtaroni."

"Na huyu mzee anakatazwa hayo maji?"

"Hapana. Yeye ndiye anayahitaji."

"Basi mpatie. Kiazi nile mimi, maji anywe yeye. Hapo tumekula pamoja, ama?"

Nikasimama pale na kitambaa changu begani nikiona aibu ya furaha, kwa sababu jambo lilikuwa rahisi kiasi hicho. Madam akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Nikarudi jikoni nikayachuja yale maji, nikatia kitunguu, nyanya iliyopondwa na dania nyingi, bila chumvi, nikayachemsha yakapungua. Ikawa supu. Kiazi kikaenda kitanda cha Abdi, supu ikaenda kwa Kariuki, kutoka sufuria moja. Kariuki alinusa, akanywa, akafuta midomo.

"Hii iko sawa," akasema. Kutoka kwake hiyo ilikuwa tuzo.

Abdi akampa na zile tende zote. "Kula, ndugu yangu. Ukipata nguvu utakuja Doldol unisaidie kukimbiza mbuzi."

"Mbuzi zako zitakimbia zenyewe zikiniona," Kariuki akajibu, akaanza kula nduma tena.

Waliishi hivyo hadi Kariuki akaruhusiwa kwenda nyumbani akitembea mwenyewe, na nikajua kazi imeisha. Haikuwa imeisha. Alipokuja kliniki, alikuja ameshikwa kwapa na Wairimu. Potasiamu ilikuwa imeshuka tena. Daktari akabadilisha vidonge, lakini akamwita Madam akamwambia kuna kitu nyumbani hakiendi sawa. Harusi ilikuwa inakaribia. Uso wa Wairimu ulikuwa umenywea.

"Baba anakula," akasema. "Mimi mwenyewe ninampikia viazi, maharagwe, kila kitu mliniambia. Sijui ni nini nakosea."

Siku gari la hospitali lilipokwenda kliniki ya upande wa Gakindu, mimi na Madam tukalipanda. Nyumba ya Kariuki ilikuwa kwenye mteremko, kahawa juu, migomba katikati, nduma chini kando ya kijito, na zizi karibu na jiko. Zizini alisimama ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, jina lake Karembo, na jina hilo alilistahili. Mwili uling'aa, mgongo mpana, miguu imara. Hakuna ng'ombe mzuri hivyo ninayemkumbuka katika kata ile.

Tulimkuta Wairimu anapika. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa tangu asubuhi, kwa hiyo alikuwa na mbinu yake, na wengi wenu mnaijua: jioni unamenya viazi, unavikata, unavitia kwenye karai la maji vilale humo visiwe vyeusi, kesho unavichemsha haraka. Yale maji ya karai akayamimina kwenye ndoo. Viazi vilipoiva, maji ya kuchemshia nayo akayamimina kwenye ndoo ileile. Maji ya maharagwe, ndoo. Maganda ya ndizi za kupika, ndoo. Akatia pumba, akakoroga kwa mkono, akambebea Karembo, naye akanywa mpaka chini na kulamba ukingo.

Madam Wangeci alimtazama ng'ombe, akamtazama Kariuki aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na kikombe cha strungi na kipande cha mkate, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta jiwe la kukalia.

"Baba Wairimu," akasema, "huyu ng'ombe hawezi kukosa nguvu ya kupanda kilima. Yeye ndiye atapeleka bibi harusi kanisani."

Kariuki akageuka polepole, akamkodolea macho Karembo. "Ati amekuwa akikunywa miguu yangu?"

Wairimu alikuwa karibu kulia. "Nilidhani hayo maji ni uchafu ya viazi. Mama alikuwa anapenda ng'ombe apate supu."

"Mama yako alikuwa anapika na maganda," Kariuki akasema kwa upole. "Nakumbuka. Alikuwa anamenya ikiwa moto, anapuliza vidole." Sikujua kama anamkumbuka mkewe au kiazi, na nadhani ilikuwa vyote viwili.

Sikuruhusu mtu alie. Nilimwambia Wairimu kwamba mimi, mpishi wa kulipwa, nilikuwa nikiupa mtaro kile ambacho yeye alimpa ng'ombe, na angalau ng'ombe hutoa maziwa. Tukaingia jikoni. Nilimwonyesha kuosha viazi na kuvichemsha na maganda, au akitaka kuvimenya, avimenye vikiwa tayari kuingia kwenye moto, maji kidogo, na maji hayo yarudi kwenye mukimo. Ndizi za kupika tukazitia kwenye mchuzi wa maharagwe ziivie humo, hakuna kinachochujwa. Majani ya malenge yakaingia mwisho. Mkate wa asubuhi tukauondoa, nduma au kiazi kitamu kikachukua nafasi yake, pamoja na maziwa.

"Maziwa ya huyo mwizi?" akauliza Kariuki.

"Hayo hasa," nikasema. "Chukua chako kupitia kwake."

Nduma zake zote zilikuwa zikienda sokoni na ndizi zake kwa wachuuzi wa Sagana, na yeye akinunua mkate dukani. Nilimkaripia kidogo, nikiwa na ruhusa ya sufuria niliyoishika. Tangu siku ile alijitengea mgomba mmoja karibu na mlango, akaufunga kitambaa chekundu ili mchuuzi asiuguse. Karembo akapewa majani ya matembele na maji safi, akalalamika zizini kila jioni hadi majirani wakauliza kama anaumwa.

Siku ya harusi niliitwa kupika, na niliikubali kazi ile kabla hawajamaliza kuniomba. Abdi alikuja kutoka Nanyuki akiwa mwembamba zaidi lakini amevaa kanzu safi, na mbuzi wawili aliowachinja mwenyewe. Yeye nilimpikia kasufuria kake ka pembeni, viazi vilivyokatwa vidogo na maji yamechujwa, kama kule wodini.

Asubuhi gari lilikuja hata hivyo. Mjomba fulani alilikodi, akalipamba kwa riboni, akaliegesha langoni kwa ajili ya Mzee. Kariuki alilipita bila kuligusa. Akamshika Wairimu mkono, na wakaanza kupanda. Niliacha sufuria kwa wasaidizi nikafuata nyuma, mwiko bado mkononi, kwa sababu sikuweza kubaki. Wanawake waliimba. Barabara ilikuwa na unyevu, na kilima kile hakina huruma. Nusu ya njia Kariuki akasimama, na kila mtu akaacha kuimba. Mimi nikaanza kuhesabu moyoni nduma alizokula.

"Baba, tupumzike," Wairimu akasema.

"Mimi nipumzike kwa nini? Ni wewe umevaa viatu ya Nairobi. Nakungoja."

Wakaendelea. Alifika mlango wa kanisa na jasho kwenye paji la uso, akaingia na binti yake, na mimi nikajifuta macho kwa aproni iliyonuka vitunguu, ambalo ni kosa, macho yaliniwasha ibada nzima. Nilifurahi kama niliyemwoza binti yangu.

Wakati wa chakula, uani, mukimo umejaa sahani, mzee wa kanisa alisimama kuomba. Aliomba kwa urefu. Akaombea wenye ndoa, mvua, kahawa, na wasafiri. Alipovuta pumzi, Karembo akalia kutoka zizini, mlio mrefu wa kunung'unika uliofunika maombi yote. Watoto wakaanza kucheka. Mzee wa kanisa akafungua jicho moja.

Kariuki akainuka kwenye kiti chake mbele ya watu wote.

"Msamehe huyo," akasema. "Anauliza supu yake. Wairimu, enda umwambie leo tumekunywa sisi."

Uani kulilipuka kwa kicheko, Abdi akipiga goti lake, Madam Wangeci akitafuta tena pa kukalia. Kariuki aliendelea kusimama hadi kicheko kikaisha na maombi yakaisha na sahani ya mwisho ikapokelewa. Watu walimwambia akae. Akasema bado anasimama.